Binamu, boksi linaruka kwa sababu

Binamu,

Tangu matanga ya shangazi hujanipigia, nami sijakupigia. Haya ungeyasikia siku ile kama ungenipa nafasi. Mchezo umekamilika, na wote unaingia kwenye kompyuta ya ZX Spectrum yenye kumbukumbu ya 48K, ile ya 1982.

Najua utaanza na maboksi. Mbele ya wajomba, kikombe cha chai mkononi, ulisema yanaruka kama chura, na kwamba anayejua kazi angeyafanya yateleze. Wajomba wakacheka. Hilo halijanitoka hadi leo, maana wewe ndiye uliyenionyesha mashine hiyo, na rangi zake unazijua.

Skrini ina pikseli 256 kwa 192, lakini rangi hugawiwa kwa viraba vya pikseli 8 kwa 8, na kila kiraba hubeba mbili tu: ya wino na ya karatasi. Boksi jekundu likiteleza pikseli tatu kando ya la kijani, limeshaingia kiraba cha mwenzake, na mojawapo litabadilika rangi. Mchezo wenyewe ni wa kukutanisha maboksi matatu ya rangi moja yatoweke. Rangi ikidanganya, umekwisha. Ndiyo maana boksi langu ni pikseli 16 kwa 16, viraba vinne kamili, na husogea hatua nzima. Anayeteleza ni mhusika peke yake, pikseli mbili mbili, mweupe kwenye weusi: picha nne zilizoandaliwa mapema, baiti 48 kila moja. Akisukuma, boksi huruka kwanza, ndipo yeye afuate. Nilifikiria, binamu. Sikushindwa.

Dada yako ameniambia umeanza wako. Nimefurahi, kweli. Basi programu yako inaposhusha maboksi yaliyo hewani, ikague uwanja kutoka chini kwenda juu. Ukianzia juu, boksi uliloshusha mstari mmoja utalikuta tena kwenye mstari unaofuata, utalishusha tena, na litafika sakafuni kwa ukaguzi mmoja bila mchezaji kuliona likianguka. Programu ianze anwani 32768 au juu zaidi. Chini ya hapo prosesa hucheleweshwa na chipu ya picha. Chora mara tu baada ya HALT, amri inayosubiri mwanzo wa fremu (picha moja nzima ya TV), kwani una mizunguko 14,336 ya prosesa kabla TV haijafika mstari wa kwanza wa picha. Na uchore kilichobadilika tu. Uwanja mzima kila fremu hautoshei, utaona mhusika amekatika kiunoni. Wewe hupenda kuchora kila kitu upya, na ulipoambiwa ukanuna.

Kupakia mchezo kutoka simu hadi kwenye mashine: simu iwe kwenye hali ya ndegeni, maana mlio wa ujumbe mmoja ukiingia katikati unapata "R Tape loading error". Waya kwenye tundu la EAR, sauti karibu na mwisho. Bonyeza J, kisha SYMBOL SHIFT na P mara mbili, kisha ENTER, ndipo ucheze faili.

Adapta, tafadhali. Ni ya volti 9 yenye hasi katikati. Nyingi za Luthuli Avenue, Nairobi, zina chanya katikati, na ncha inaingia vilevile. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka, hata kama muuzaji ameapa.

Faili nimemtumia dada yako. Hatua ya saba, usiguse boksi jekundu la juu kabla hujaondoa ya bluu.