Mjomba, kabla ya upasuaji wa moyo waambie habari ya jicho lako

Shikamoo mjomba,

Nimeambiwa tarehe ya upasuaji wako wa baipasi, ule wa kuitengenezea damu ya moyo njia mpya kupita mishipa iliyoziba, imepangwa. Nakuandikia hadharani, bila kukutaja jina, kwa sababu najua wapo wazee wengine wanaoficha jambo kama lako.

Nasema ile siku ya mwezi uliopita. Jicho la kushoto liliingia giza kama pazia limeshushwa, mkono wa kulia ukalegea, na baada ya dakika chache ukawa mzima. Ukasema ni uchovu. Nina hofu kwamba daktari hujamwambia.

Mjomba, mwambie. Mafuta yaliyoziba mishipa ya moyo wako hayaishii moyoni. Huweza kujijenga pia kwenye karotidi, ile mishipa mikubwa miwili ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo. Donge likibanduka hapo hupanda juu. Na mshipa wa kushoto hulisha jicho la kushoto pamoja na upande wa ubongo unaoendesha mkono wa kulia. Unaona kwa nini silali?

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Ni ultrasaundi ya shingo: unalala chali, unapakwa jeli, wanapitisha kifaa juu ya ngozi na kuangalia kasi ya damu, kwa kuwa mshipa unapobana damu hukimbia zaidi. Hakuna sindano wala mionzi.

Lakini si kila anayekwenda kufanyiwa baipasi hupimwa shingo. Miongozo ya Ulaya ya 2018 inapendekeza kipimo hiki kwa mtu aliyepata kiharusi, au kiharusi kidogo cha kupita, yaani dalili kama zako zinazokuja na kuisha zenyewe, ndani ya miezi 6. Kwa wengine, kama waliofikisha miaka 70 au wenye mishipa ya miguu iliyoziba, daktari anaweza kukifikiria tu. Kwa hiyo ukinyamaza, huenda shingo yako isiguswe kabisa.

Hata wakikupima, ukimya wako unaweza kupotosha uamuzi. Mshipa mmoja uliobana kwa asilimia 70, kwa mtu ambaye hajawahi kuona dalili, kwa kawaida huachwa na dawa, wakaendelea na moyo. Kwa mwenye dalili za karibuni, madaktari wa moyo, wa mishipa na wa ubongo hukaa pamoja: waanze na shingo, wafanye vyote kwa mpigo, au vipi? Si uamuzi mwepesi, maana kusafisha mshipa wa shingo nako kunaweza kuleta kiharusi. Wanahitaji ukweli wote ili wapime.

Sikudanganyi kwamba shingo ikiwa safi hatari imekwisha. Viharusi vingi vya wakati wa baipasi hutokana na uchafu wa kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, au mapigo ya moyo yanayovurugika baada ya upasuaji. Hayo waachie wenyewe. Ndiyo kazi yao. Habari ya jicho ni wewe tu unayeijua.

Basi usingoje siku ya kulazwa. Piga simu hospitali leo, useme ni jicho lipi, mkono upi, lini, na ilichukua dakika ngapi. Dawa zako usiziache wala kuzibadili mwenyewe. Na hali ile ikirudi, hata ikipita upesi, nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, usiku au mchana. Ukitaka tuongee nao pamoja, niite.

Mpwa wako