Risala ya Klabu ya Maji na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Maji, Magu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, viongozi wa kijiji, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Magu. Kwa heshima, tunaomba kukueleza hali ya maji katika bonde la Mto Simiyu.

Mheshimiwa, mto huu huanzia upande wa Serengeti na kuishia Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Ni mto wa msimu; kiangazi hubaki mchanga na madimbwi. Mabadiliko ya tabianchi hayagusi kiasi cha mvua tu, yanabadilisha pia namna inavyonyesha. Milimita 60 zikigawanyika siku sita, ardhi huzinywa. Zikishuka kwa saa mbili, nyingi hupita juu zikizoa udongo. Ziwa nalo halitabiriki: mwaka 2006 lilikauka kingoni, Mei 2020 likavuka kiwango cha juu cha 1964 na kufunika mialo, yaani maegesho ya mitumbwi ya wavuvi.

Wapo wasemao jirani wa ziwa hawezi kulia shida ya maji. Waulizwe wafugaji wa huko juu, wanaotegemea malambo, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya mvua.

Lambo linauawa na tope na jua kwa pamoja. Tukichukulia jua linanyonya milimita 5 kwa siku, kiangazi cha siku 120 huondoa sentimita 60. Lambo la kina cha mita 3 linavumilia. Likijaa tope hadi kubaki mita 1, zaidi ya nusu ya maji hupotea kabla ng'ombe hajanywa. Ndiyo maana kulipanua bila kulichimba ni hasara: uso unaopigwa na jua unaongezeka, kina kinabaki kile kile.

Hivyo tunaomba, Mheshimiwa, malambo yafukuliwe mwezi Septemba, kabla ya vuli. Tope lipelekwe mashambani. Likirundikwa kingoni, mvua ya kwanza italirudisha. Maji yanapoingilia, lichimbwe shimo la kunasa udongo, lizolewe kila mwaka. Juu ya tuta linalozuia maji ya lambo zioteshwe nyasi tu, maana mizizi ya miti ikioza huacha mianya ya maji. Njia ya maji ya ziada ipanuliwe, kwani tuta likifurikwa kwa juu hukatika. Mifugo inyweshwe kwenye birika nje ya uzio wa lambo.

Pia tunaomba kipimamvua kimoja. Tutakisoma kila siku saa 3 asubuhi, hata likizo, na takwimu tutaziwasilisha ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza.

Tunaomba kuwasilisha.