Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuja Newala na farasi

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa juu ya mkorosho nakata matawi makavu. Unasema umechoka kuwapandisha watalii farasi huko Arusha, tajiri wako anamtoa yule farasi mzee kwa bei ya kutupa, na unataka kuja naye Newala ufuge na kuandika hadithi kwa utulivu "kama mjomba". Nilicheka mpaka watu wa nyumbani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe tu unayeniuliza habari za huo utulivu.

Tuanze na farasi. Wewe ndiye fundi wa farasi, mimi nina punda wawili wa kubebea maji, kwa hiyo sina haja ya kukueleza kwamba farasi mmoja anaweza kunywa lita 30 hadi 50 kwa siku. Nikukumbushe tu maji yenyewe yanatoka wapi. Sisi tuko juu ya uwanda, maji yako bondeni. Simama pale Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda, utazame mto Ruvuma ulivyo mbali, halafu hesabu madumu. Kisima chetu cha kuvuna maji ya bati kikifika Septemba ukitupa ndoo unasikia mwangwi. Ukisema utamteremsha bondeni akale majani mabichi, huko kuna mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, haimwachi farasi. Katika vita ya 1914 hadi 1918 majeshi ya Uingereza yalikuja nchi hii na farasi na nyumbu, wakafa kwa maelfu, mizigo ikaishia vichwani mwa babu zetu. Punda anavumilia kidogo. Ndiyo maana nina punda.

Sasa huo utulivu. Mimi naandika saa kumi na moja alfajiri, kabla sijafungua zizi. Sina saa nyingine, na hiyohiyo, kuanzia Juni hadi Agosti, salfa inaninyang'anya. Salfa ya unga inapulizwa kwenye mikorosho alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, ili unga ushike vizuri na ugonjwa wa ubwiri unga usiwahi maua. Ukishusha mashine mgongoni macho yanawasha kama umeyapaka pilipili, hata mstari wa daftari huuoni. Unapumzika siku kadhaa, unarudia. Oktoba ni kuokota, kunyofoa korosho kwenye mabibo, kuanika, kupeleka chama cha msingi cha ushirika, kisha kusubiri mnada. Kaunta buku yangu ya Oktoba iliyopita ina ukurasa mmoja wa hadithi na kurasa kumi na moja za kilo na madeni.

Lakini yule mhusika wangu unayempenda, mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, anayezitolea bei korosho zikiwa bado maua, sikumbuni mezani. Nilimpata kwenye foleni ya mizani. Alikuwa nyuma yangu, akimbembeleza mama mmoja kwa sauti ya upole kabisa, na hiyo sauti ndiyo niliyokwenda nayo nyumbani. (Mwenyewe hajui. Simu yake haina nafasi ya kusoma hadithi, imejaa namba za wadeni.)

Na unakumbuka usiku ule wa punda? Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilikuwa imetangazwa, mswada nimeshauchapa kwenye simu, umebaki kuupitia mara ya mwisho. Yule dume akakata kamba akala lundo la mabibo yaliyoanza kuchacha. Tumbo likajaa, akaanza kugaagaa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, sawa, lakini mgaagaa na mabibo anaweza kufa. Nikakupigia saa tano usiku. Ulinielekeza kama daktari: mtembeze, usimwache alale akabiringika, weka sikio ubavuni usikilize kama utumbo unanguruma. Nikaweka sikio. Kimya. Tukazunguka mkorosho ule mkubwa, mimi na yeye, hadi jogoo wa kwanza, nikaweka sikio tena, nikasikia kama mtu anaburuta gunia chumbani. Sijawahi kufurahia mlio wowote kiasi kile.

Mswada sikuutuma. Nilipoufungua wiki iliyofuata nikaona sura ya tatu yote ni ya mtu aliyekaa akawaza. Hakuna aliyeshika kitu, hakuna aliyechoka. Nimeifuta. Sasa ina mtu anayezunguka mti usiku na mnyama asiyemjua vizuri, na bado haijakaa sawa.

Basi njoo. Chumba cha uani kipo, meza itachongwa. Farasi mwache kwa watu wenye maji na majani, na ukimlilia hapa nitakuelewa. Utaamka na mimi, dumu nane kabla ya chai, kisha utaandika kama mkono bado unashika kalamu. Kuna siku hautashika.

Ukipita sokoni Arusha ninunulie tupa ya kwato na kile kisu chake kilichopinda. Hii ninayotumia ni ya kunolea panga, na yule jike ameshaanza kunikimbia akiiona.

Mjomba wako