Piga Simu Kliniki Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Mpaka dada yako aniambie ndipo nijue kwamba tangu juzi husikii harufu wala ladha ya chakula. Mimi umeniandikia "mafua tu, sina homa." Homa! Anayemeza prednisoloni na dawa za kushusha kinga, kama wewe uliyepandikizwa figo, anaweza kuugua vibaya na joto lisipande. Umepiga simu kliniki ya figo?

Usinisingizie pua kuziba. Dada yako anasema unapumua vizuri. Kirusi cha korona hushambulia seli zinazoilinda na kuilisha mishipa ya fahamu ya kunusa, ndiyo maana harufu hukatika hata pua ikiwa wazi. Chumvi na sukari ulimi unaweza kuzitambua bado, ila ladha nyingine karibu yote hupitia puani. Kwa wengi harufu hurudi baada ya wiki chache, hiyo hainikoseshi usingizi. Naihofia figo. Kinga ikiwa chini kirusi huweza kukaa mwilini muda mrefu, na vidonge vya kukizuia vinatakiwa vianze ndani ya siku 5 tangu dalili za kwanza. Leo ya ngapi?

Wala usijinunulie. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya vidonge hivyo, huipandisha takrolimasi, dawa yako ya kushusha kinga, kwenye damu hadi iwe sumu kwa figo hiyohiyo. Na takrolimasi usiiache kwa uamuzi wako, mwili usije ukaikataa figo. Kliniki ndio wapange. Miaka yote hii hujapitisha saa ya dawa, najisifu kwa watu kwa ajili yako; leo simu moja inakushinda? Huko kunyamaza ukiumwa hukukuokota njiani, najua ulikokutoa. Lakini piga.

Jikoni nako: huwezi kunusa gesi, moshi, wala chakula kilichochacha, na kwa kinga yako chakula kibovu hakiishii kuumwa tumbo. Andika tarehe kwenye kila bakuli la friji. Funga mtungi ukimaliza kupika. Kengele ya moshi uliitoa betri ukaweka kwenye redio, irudishe. Dada yako atakuletea kipimo cha korona, akija avae barakoa na madirisha yawe wazi. Mazoezi ya kunusa limau na karafuu ni ya miezi, tutayaongea. Shuka zako nimefua, foronya moja siioni.

Ukishapiga, niandikie walichosema neno kwa neno, si "wamesema sawa."

Mama