Seneta huru si yatima

Mhariri,

Muuza mchele mmoja hapa sokoni alinikazania juzi, pishi mkononi, kwamba seneta asiye na chama ni yatima. La hasha! Mwaka 2017 Kirinyaga tulimpeleka Charles Kibiru Seneti akiwa mgombea huru. Kifungu cha 123 cha Katiba ya Kenya kinaipa kila kaunti kura moja katika miswada inayozihusu kaunti, kwa hiyo kura yake ilikuwa na uzito sawa na ya Nairobi, pamoja na mamilioni yake ya watu. Zikisakwa kura 24 za kupitisha mswada, kiranja, yule msimamizi wa kura za chama, hamtishi mtu huru, humbembeleza. Basi tuchapishieni kura za maseneta, jina kwa jina. Vijembe vya mikutano ya hadhara tumevichoka.

Msomaji,
Kerugoya