Barafu isiguse kichupa cha kingamwili

Mhariri,

Kingamwili za CD41, dawa za maabara zinazotafuta kipokezi (protini ya juu ya seli) cha GPIIb/IIIa kwenye chembe sahani, yaani chembe zinazozuia damu kutoka, hutunzwa gizani kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi, wala zisigande. Hatari ipo safarini. Boksi likitoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, kisha likavushwa tena kwenda Mkoani, Pemba, mpakiaji mwenye huruma huongeza barafu ikagusana na kichupa. Rangi ya PE, ile ing'aayo iliyobandikwa kwenye kingamwili, ikiganda huharibika. Mashine inayopima mng'ao huo (flow cytometer) husoma hafifu, kana kwamba mgonjwa ana maradhi ya Glanzmann, ya kurithi, ambayo kipokezi hicho hukosekana au huwa na kasoro. Tieni kadibodi katikati.

Damu yenyewe ni kinyume: isiingie frijini, kwani baridi huziamsha chembe sahani. Ichukuliwe kwa tyubu ya sitireti ya asilimia 3.2. EDTA, kizuia-kuganda cha tyubu nyingine, hufunga kalsiamu, na kwenye joto la nyuzi 37 huiachanisha jozi ya protini za kipokezi. Kingamwili inayoitambua jozi nzima haishiki kitu.

Maikrolita 5 za damu zatosha, zikae na kingamwili dakika 20 gizani, bila kutikisa. Sambamba pimeni CD42b, protini nyingine ya chembe sahani, ambayo Glanzmann haiigusi, pamoja na damu ya mtu mwenye afya. Hiyo ya mwisho wengi huiacha kwa kubana matumizi, ilhali ndiyo ionyeshayo kama kasoro ni ya kichupa au ya mgonjwa.

Mtaalamu wa maabara,
Chake Chake, Pemba