Barua kwa mpwa wangu aliyeniomba Walkman

Mpwa wangu,

Nimeupata ujumbe wako wa kuniomba ile Walkman, kicheza kanda changu cha mfukoni, iliyomo katika sanduku la bati chini ya kitanda, na mama yako amenieleza kwamba siku hizi wenzako pale chuoni wanazivaa kiunoni kama pambo. Nitakupa. Lakini kwa kuwa nami nina jambo la kukuomba, na jambo lenyewe huenda likawafaa ndugu wengine walio na kanda zao majumbani, nimeona niandike hadharani badala ya kukupigia simu.

Kwanza, usiitarajie sauti nzuri. Wazee wenzangu wanaodai kwamba muziki wa kanda ulikuwa mtamu kuliko wa simu wanauchanganya muziki na ujana wao. Utepe wa kaseti haufiki upana wa milimita 4, na katika wembamba huo hupita njia nne za sauti, mbili za upande A na mbili za upande B, huku utepe ukipita mbele ya hedi, kile kipande kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 tu kwa sekunde. Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963, waliifikiria zaidi kwa kazi za ofisini, mtu asemee humo barua zake zipigwe chapa baadaye. Muziki ulikuja kujibanza humo, nao ukaja pamoja na ule mvumo wa "shiii" ambao hakuna kitufe kilichoumaliza kabisa. Hapo sijalitaja vumbi letu la Dodoma, linaloingia hata palipofungwa, likaganda kwenye kigurudumu cha mpira kinachoubana utepe, mpaka siku moja redio inakula kanda na wewe unabaki kuuvuta utepe nje kama utumbo wa kuku. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nachukua pamba na spiriti nikasafisha hedi, na pamba ilitoka na rangi ya udongo wa hapa hapa. Simu yako, hata ile ya bei ya chini, haijui taabu hizo.

Haijui pia taabu ya betri. Mwaka 1989 nilikuwa nasoma Dar es Salaam, na likizo nilirudi kwa gari moshi lililoondoka jioni na kutembea usiku kucha. Nilikuwa na kanda mbili na betri mbili ndogo, basi. Ili nisizimalize kwa kurudisha nyuma, niliingiza kalamu ya Bic katika tundu la kaseti nikaizungusha hewani kama kereng'ende, jambo lililomkera sana mama mmoja aliyeketi mbele yangu. Pamoja na uangalifu wote huo, kabla hatujafika Kilosa mwimbaji akaanza kuvuta maneno kama mlevi, kisha akanyamaza. Asubuhi, treni iliposimama Gulwe, nilizianika betri dirishani juani, zikanirudishia nusu ya wimbo. Wewe juzi umekuja kwa treni ya umeme, iliyoanza kutuletea abiria hapa Dodoma mwaka 2024, na ulipofika simu yako ilikuwa bado na chaji ya kutwa nzima.

Kwa hiyo katika sauti na katika urahisi sina hoja, na sitaki kujifanya ninayo. Kanda ya dakika 90 ilichukua dakika 45 kila upande, na kwa kuwa bendi zetu za dansi hazikuwa na haraka, kibwagizo na magitaa vikipokezana hata dakika saba au nane, upande mmoja ulitosha nyimbo sita hivi, na ya mwisho mara nyingi ilikatika katikati. Kuna wimbo mmoja ambao hata leo ukipigwa redioni mimi hunyamaza mwimbaji anapofika ubeti wa tatu, kwa sababu kwangu mimi uliishia hapo miaka kumi na zaidi. Apple ilipoitangaza iPod Oktoba 2001 ilijivunia nyimbo 1,000 mfukoni, na hata hizo leo ni chache ukilinganisha na ulizonazo wewe. Ninalokumbusha ni hili tu: sehemu kubwa ya hizo zako si zako. Ulipokosa kulipia ile programu mwezi wa pili, nyimbo ulizokuwa umezipakua zilikataa kufunguka, ukaja kuniazima bando. Kanda yangu haijawahi kuniuliza kama nimelipa.

Sasa, kuhusu hicho unachokitaka. Kwetu kila kicheza kanda cha mfukoni kiliitwa Walkman, ingawa changu hakikutoka kwa Sony. Ile ya Sony yenyewe ilianza kuuzwa Japani tarehe 1 Julai 1979, na habari yake ina jambo linalonigusa. Mafundi walichukua kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, wakatoa sehemu ya kurekodi, wakaweka stereo. Watu walishangaa: mashine ya kaseti isiyoweza kurekodi itamfaa nani? Akio Morita, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, aliona pia kwamba kujisikilizia peke yako mbele ya mwenzako ni utovu wa adabu, ndiyo maana ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha rangi ya chungwa cha kuzungumzia. Adabu hiyo haikudumu, kama unavyojua wewe unayekula ugali na shangazi yako huku umeziba masikio yote mawili.

Ninachokitilia mkazo ni hicho cha kutoweza kurekodi, na hapa lazima nikiri jambo.

Mwaka 1986 marehemu mjomba wako mkubwa alimkalisha babu yako barazani, akaweka redio kaseti juu ya kigoda, akamuuliza habari za Kongwa. Babu alikuwa kijana wakati Waingereza walipoleta huko mpango wao wa kulima karanga mwaka 1947, naye alifanya kibarua cha kung'oa visiki hadi walipouacha mwaka 1951. Alizungumza pande zote mbili za kanda. Kaka alivunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti ili mtu asiweze kurekodi juu yake, akaandika kwa wino mwekundu: BABA – KONGWA.

Mwaka uliofuata nilihitaji kanda tupu. Redio Tanzania ilikuwa karibu kupiga muziki wa dansi, na enzi hizo ukikosa kuunasa wimbo redioni hukuwa na uhakika wa kuupata kwingine. Nilitafuna vipande vya karatasi ya daftari, nikavibana kwenye matundu ya vile vijino, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Katika redio kaseti hedi ya kufuta hutangulia ile ya kurekodi, kwa hiyo baba yangu alifutika kidogo kidogo, pande zote mbili, huku mimi nikipiga mluzi. Kaka alipogundua hakunipiga. Aliacha tu kuniazima redio yake.

Lakini kipindi kiliisha kabla ya kanda. Upande B, baada ya wimbo wa tatu, inasikika "tak", kisha jogoo, kisha babu yako katikati ya sentensi. Anasema walifunga mnyororo kwenye mbuyu, trekta likavuta, mnyororo ukakatika, mbuyu ukabaki palepale, na Mzungu akavua kofia akajikuna kichwa. Anacheka. Kaka anauliza, "Halafu?" Inaendelea hivyo kwa dakika kama sita, na hiyo ndiyo sauti yote ya babu yako iliyopo duniani.

Mwaka jana niliipeleka kwa fundi mmoja mjini anayehamishia kanda kwenye flashi. Alinirudishia nyimbo tatu, safi kabisa, akanieleza kwa fahari kwamba makelele ya mwishoni ameyakata.

Ndiyo maana naitaka mikono yako, uihamishie sauti ya babu yako kwenye kompyuta. Walkman haina hedi ya kufuta, kwa hiyo hata ukibonyeza kwa kukosea hutarudia kosa langu. Mkanda wake wa mpira uliokuwa umelegea nimekwisha kuubadilisha, na utepe wa kanda ya babu yako nimeuhamishia katika ganda la kaseti nyingine yenye skrubu, kwa kuwa ganda la zamani lilijikunja kwa joto la bati. Njoo na kompyuta yako na waya wenye pini ndogo pande zote mbili. Kama kompyuta haina tundu la kuingizia sauti, azima kile kifaa kidogo cha USB kinachofanya kazi hiyo. Programu ya kurekodia iitwayo Audacity ni ya bure. Hifadhi kwa WAV, si kwa MP3, maana MP3 huzitupa sauti inazodhani sikio halitazikosa, na mimi jogoo yule namtaka. Weka nakala moja kwako na nyingine kwa mama yako. Ukimaliza, Walkman ni yako, uivae unakotaka.

Nakungoja Jumamosi. Usirudishe nyuma wala kupeleka mbele utakapoifungua. Nimeizungusha kwa kalamu hadi pale wimbo wa tatu unapoishia.

Mjomba wako,
Dodoma